Shemeji hakubali mwezi wangu

Shikamoo Shangazi. Hapa Tanga mimi husubiri mwezi uonekane nchini. Shemeji yangu hufuata mwandamo wa Saudi Arabia. Mwaka huu ameswali Idi mimi bado nimefunga. Nimemtumia mawaidha kibao WhatsApp, hajibu. Nifanyeje akubali?
— Mama Rukia

Marahaba, mwanangu. Akubali ili iweje, saumu yako ipate nguvu? Ubishi huo umeukuta. Zamani hizo Kuraib alitoka Sham, upande wa Syria, akamweleza Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, pale Madina, kwamba mwezi wa Ramadhani wenzao huko waliuona usiku wa kuamkia Ijumaa. Ibn Abbas akasema sisi tumeuona wa kuamkia Jumamosi, tutafunga mpaka zitimie 30 au tuuone. Basi, wakaishia hapo. Na huyo ni sahaba!

Kwangu mume ana mwezi wake, nami wangu. Biriani hupikwa siku mbili, wanaofaidi ni watoto.

Hayo mawaidha acha kumtumia. Akikuletea sinia la pilau nawe umefunga, pokea, mpe mkono wa Idi, lifunike hadi magharibi. Kesho yake mpelekee mkate wa kumimina, na usimuulize kitu.