Naamka saa tisa usiku moyo ukinidunda

Barua nyingi za wiki hii zinahusu hofu. Nimeanza na ile iliyonikalia moyoni zaidi.

Mchungaji, Bwana asifiwe. Alhamisi nachukua majibu ya vipimo. Kila usiku naamka saa tisa moyo ukidunda. Nikiomba, najikuta nahesabu misiba tu: nikifa, nani atanilelea watoto? Naomba, na hofu inazidi.

Asifiwe sana, mama. Maombi ya namna hiyo nayajua, nami niliyaomba miezi mingi. Alhamisi haijafika, lakini wewe umekwisha kuipitia mara kumi, na mazishi juu yake. Kule jangwani Waisraeli walipewa mana ya siku moja. Waliojiwekea ya kesho waliikuta ina mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya Sabato (Kutoka 16). Neema ya Alhamisi utaipokea Alhamisi. Ya usiku wa leo iko hapo chumbani.

Kwa hiyo ukiamka, usianze na maneno. Keti, shusha miguu, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Isikie ilivyo baridi. Sikiliza kilichopo: saa ya ukutani, pumzi ya mtoto aliyelala. Vuta hewa taratibu, uitoe taratibu zaidi, maana mapigo ya moyo hupungua mtu anapotoa pumzi ndefu. Ukivuta, sema moyoni "Siku ya hofu yangu". Ukitoa, "nitakutumaini Wewe" (Zaburi 56:3). Ndipo umwambie Mungu jambo lenyewe bila kulipamba: "Bwana, naogopa majibu. Naogopa kuwaacha watoto wangu." Uishie hapo. Mawazo yakikimbia tena, nayo yatakimbia, rudi kwenye nyayo.

Swali la watoto ni la kweli, ila lina saa yake. Mchana, jua likiwaka, kaa na ndugu unayemwamini mlizungumze mpaka mwisho.

Je, kuogopa ni dhambi? Niliambiwa mwenye imani haogopi.

Soma Marko 14:33-34. Gethsemane, Yesu "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika". Tena hakuwaficha Petro, Yakobo na Yohana: aliwaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakae wakeshe. Aliyekuambia hivyo amekutwika mzigo ambao Bwana hakumtwika mtu.

Mimi ni mzee wa kanisa. Watu huniletea shida zao niwaombee, nami nina hofu ambayo hata mke wangu haijui. Nikiisema, nani ataniheshimu?

Mzee wangu, sikutumi madhabahuni. Si kila sikio lina kifua, na maneno ya kanisani husafiri. Mtafute mtu mmoja. Nakusihi umfikirie kwanza mkeo aliye nyumbani mwako, kwa sababu huenda ameona usingizi wako ulivyo na anangoja tu useme. Yakobo, katika waraka wake, anaposema tuungame "ninyi kwa ninyi, na kuombeana" (5:16), hakuwatenga wazee. Aya mbili tu nyuma amewataja kuwa ndio wa kuitwa kuwaombea wagonjwa. Anza na sentensi moja: "Kuna jambo linanitisha." Kisha nyamaza, umpe nafasi.

Huku kutulia na kuangalia pumzi unakotufundisha si mambo ya dini nyingine?

Wakristo wa Orthodoksi wana desturi ya karne nyingi ya kurudia polepole, wengine wakifuata pumzi, sala ya "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi". Na Ndugu Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, alijizoeza kuongea na Mungu katikati ya masufuria ya jikoni. Pumzi ni ya Mungu. La kuangalia ni unamgeukia nani.

Mwanangu hupatwa na hofu ya ghafla, anatetemeka na kukosa hewa. Daktari amempa dawa. Kwenye maombi wanasema aziache, aamini.

Asiziache. Eliya alipomkimbia Yezebeli mpaka akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale, na pale kichwani palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili (1 Wafalme 19). Sauti ya Mungu, ya utulivu, aliisikia baadaye, mlimani. Mrudishe kwa daktari kama alivyopangiwa, na hofu ikimshika, mshike mkono mpumue pamoja polepole. Jina lake nimeliandika kwenye daftari langu la maombi.