Apdeti ikivuruga mashine za ofisi, usikimbilie kufuta

Microsoft wanaachia apdeti zao Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za huku Dar inakuwa saa mbili au saa tatu usiku, inategemea na majira ya kwao. Mashine zinajishushia zenyewe, asubuhi watu wanawasha, na sisi tunaohudumia kompyuta za maofisi simu zinaanza kuita. "Fundi, printa imegoma." "Kaka, sistimu haifunguki na wateja wamejaa." Mwezi mwingine kimya kabisa, mwezi mwingine hata chai hunywi.

Mimi siulizi "umebonyeza nini", ukiuliza hivyo watu wanaogopa na wanaanza kukuficha vitu. Nauliza mashine ngapi zina tatizo na limeanza lini. Ikiwa ni moja tu, kagua waya, diski, mambo ya kawaida. Zikiwa zote na zimeanza pamoja, fungua historia ya apdeti uone kilichoingia usiku, kina namba inayoanza na KB, itafute hiyo namba mtandaoni, maana India na Japani wanawasha mashine kabla yetu na kama ni mbovu wameshalalamika. Machi 2021 ilitoka KB5000802, ukiprinti tu kwenye baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh au Zebra kompyuta inaanguka kwenye skrini ya bluu imeandika APC_INDEX_MISMATCH. Hapo usipojua unaita fundi wa printa, anaifungua, anabadilisha vitu, anaondoka na hela yako na tatizo liko pale pale. Dawa ilikuwa kuiondoa ile KB, kuwasha upya, na kusimamisha apdeti kwa muda isijirudishe, mpaka Microsoft walipotoa ya kurekebisha siku chache baadaye.

Hiyo ni Windows, inaondoka bila maneno mengi. Kasheshe iko kwenye programu za mauzo na uhasibu.

Kuna mteja wangu anauza jumla Kariakoo, programu yake ilipata apdeti mwisho wa mwezi, yaani wakati mbaya kuliko wote. Keshia anatoa ankara ya mzigo wa 118,000 ambao VAT imeshahesabiwa ndani, programu inaongeza 18% nyingine juu yake, karatasi inatoka 139,240. Mteja ndiye aliyeshtuka. Kijana wa pale dukani alikuwa ameshashika mausi afute toleo jipya aweke la zamani, nikamwambia acha kwanza. Apdeti za namna hii mara nyingi zinabadilisha na mpangilio wa data, sio programu peke yake, kwa hiyo ukirudisha la zamani linafungua, linaangalia data, linakataa. Sasa huna jipya wala la zamani na foleni iko mlangoni.

Tulichofanya: kila mtu akaacha kuingiza, mauzo yakaandikwa kwenye daftari. Folda ya data ikakopiwa kwenye hadidiski ya nje vile vile ilivyo na makosa yake, maana hata data iliyovurugika ina mauzo ya asubuhi ambayo huyapati popote pengine. Mauzo yote ya baada ya apdeti tukayatoa kwenda Excel na kuyaprinti. Ndipo tukaweka toleo la zamani pamoja na bakapu ya jana yake, tukaingiza upya yale ya kwenye karatasi, moja moja, keshia anasoma mimi napiga. Inachosha lakini inafanya kazi. Ila risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zilizokwishatoka usizichezee, taarifa zake zinaenda TRA, mamlaka ya mapato, hapo mwite mhasibu.

Baada ya siku kama hiyo bosi atakwambia uzime apdeti zote moja kwa moja. Mkatalie kwa heshima. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai hela, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishatoa kiraka chake Machi mwaka huo huo, na hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Mimi naacha mashine moja ipokee kwanza, nyingine zinangoja kama wiki. Na hiyo moja iwe inayofanya kazi kweli, inaprinti ankara, inafungua uhasibu, sio ile kompyuta ya kona inayosikiliza redio.

Hata hivyo kungoja hakuzuii kila kitu. Tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walituma faili bovu saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, wakaliondoa saa 2:27, na bado mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Haikuwa apdeti ya Windows, ilikuwa ya programu ya ulinzi inayojipokelea yenyewe, na nyingi ya mashine hizo ilibidi mtu aziendee moja moja, aingie sefu modi, yaani aiwashe na vitu vya msingi tu, afute faili linaloanza na C-00000291. Zenye BitLocker, kufuli la Windows la diski, zinadai ufunguo wa tarakimu 48, na kuna waliokuwa wametunza funguo kwenye seva ambayo nayo imeanguka! Printi hizo funguo, weka kwenye sefu ya ofisi pamoja na flashi yenye toleo la zamani la kila programu ya biashara unayotumia.

Ukiwapigia waliokuuzia programu, kuwa na namba ya toleo, saa tatizo lilipoanza, na picha ya ankara moja iliyokosewa, bila hivyo watakwambia uzime uwashe. Na wakitaka kuingia kwa AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta yako wakiwa mbali, waambie wasubiri mpaka kopi ya data iwe imekamilika na hadidiski imechomolewa.