Injini ya CG125 imeganda: nianze na rangi ya fremu?

Swali: Nimerithi Honda CG125 ya marehemu mjomba, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Imelala bandani miaka mingi. Kiki haishuki hata kidogo, na fremu imeota kutu. Rafiki yangu anashauri tuweke gia ya tatu tuivute kwa gari mpaka injini iachie. Mimi nilitaka kuanza na fremu, niipige mchanga kwa mashine ya upepo kuondoa kutu na kuipaka rangi, halafu ndipo nifungue injini. Nianzie wapi, fundi?

Jibu: Pole kwa msiba wa mjomba, na nimefurahi kwamba hukuiuza pikipiki yake kama chuma chakavu. Kwanza mwambie rafiki yako hiyo kamba airudishe. Nguvu ya gari ikipita kwenye gurudumu, gia na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ni lazima kitu kiachie, na mara nyingi kinachoachia si kutu bali ringi (pete ya pistoni) inayokatika au konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inayopinda. Hapo kazi ndogo umeigeuza kubwa.

Kiki kutoshuka si ushahidi kwamba pistoni imeganda. Huenda gia ya kiki yenyewe ndiyo iliyojamu. Weka nyutro, toa plagi, fungua kifuniko cha upande wa kushoto, kisha tia spana kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito lililo mwishoni mwa kranki, na ujaribu kuizungusha taratibu huku na huku. Ikicheza kidogo halafu ikagota mahali pamoja, shuku valvu iliyokwama au kipande cha kitu ndani. Isipotikisika kabisa, kutu imeshika silinda, au beringi za kranki zimeshika.

Kwa kutu, mimi huchanganya dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, namimina kupitia tundu la plagi hadi juu ya pistoni yaenee, na kuacha siku kadhaa nikiongeza yanapopungua. Yatavuja kupita ringi na kushuka kwenye oili, kwa hiyo oili hiyo umwage kabla injini haijawashwa. Kila siku jaribu spana mara moja, bila bomba la kurefusha mkono. Usiwe na haraka hapa. Nimeona injini zilizoachia siku ya kumi baada ya mwenyewe kuwa amekata tamaa.

Ikikataa, toa kichwa cha silinda uangalie pistoni imesimama wapi. Ikiwa katikati ya mwendo wake, kata kipande cha mti mgumu kinachoenea juu yake na ugonge polepole kwa nyundo. Ikiwa imefika juu kabisa, usigonge. Hapo konrodi imenyooka wima na kila pigo linaishia kwenye beringi bila kuzungusha chochote. Ni heri uipashe silinda moto kwa nje na kuivuta juu, ukiiacha pistoni ilipo.

Neno moja kuhusu skrubu za vifuniko. Zinafanana na zile za nyota tulizozizoea, lakini mkato wake ni wa Kijapani, na bisibisi ya kawaida huruka na kuziharibu vichwa. Tafuta bisibisi inayolingana nazo, ile ya kugongwa kwa nyundo.

Silinda ikishatoka, pima kabla hujanunua kitu. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 56.5. Pima juu, katikati na chini, na kila mahali pima mara mbili: sambamba na kranki, kisha kwa kuikatiza, maana pistoni hula silinda zaidi upande huo wa pili. Ikiwa imelika au kutu imechimba mashimo, itabidi ichongwe, na pistoni kubwa zaidi hupanda kwa robo milimita. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji pamoja na silinda, ili achonge kwa kipimo cha pistoni uliyo nayo mkononi. Shika pia konrodi uivute juu na chini: isicheze hata kidogo. Kuyumba kidogo kando ni kawaida. Ikicheza juu na chini, kranki iende kwa mwenye mashine ya kukandamiza, kwa sababu vipande vyake vimeshindiliwa pamoja na nyumbani hutaviweka sawa.

Usisahau chujio cha oili. Injini hii ina kikombe kinachozunguka mwishoni mwa kranki, chini ya kifuniko cha kulia, na uchafu wa miaka yote umeganda humo kama lami. Watu wanabadilisha pistoni na kukiacha hivyo hivyo, jambo linaloniuma sana.

Sasa fremu. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Kwanza ikague: nyufa kwenye shingo na kwenye viungo vilivyochomelewa, kutu chini ya kiti na kwenye ekseli ya swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma). Gonga mabomba kwa nyundo ndogo. Palipooza ndani hutoa sauti butu. Kisha funga injini, magurudumu na tangi kwenye fremu hiyo hiyo isiyo na rangi, uone kila boliti inaingia. Kama kuna kishikio cha kuchomelea upya, ndio wakati wake. Usisafishe sehemu ya kuchomelea kwa dawa ya breki yenye klorini, kwani ikipata moto hutoa gesi inayoweza kuua. Unapopiga mchanga, ziba nyuzi za boliti na vikalio vya beringi, na linda namba ya fremu isifutike. Injini usiipige mchanga kabisa. Chembe hujificha kwenye njia za oili, hata uoshe vipi.

Ukishafunga kila kitu, weka nafasi ya valvu milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na mwanya wa pointi (swichi inayoleta cheche ya plagi) kati ya milimita 0.3 na 0.4. Piga kiki plagi ikiwa nje mpaka uone oili imefika juu kwenye valvu. Ndipo urudishe plagi na kuiwasha.