Sumaku za hadi diski: chuma chakavu au mali?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha ufundi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimejaza ndoo nzima ya sumaku kutoka kompyuta mbovu na spika. Mnunuzi wa skrepa anataka kunilipa bei ya chuma tu. Jirani yangu naye anasema humo mna madini adimu yaleyale ya mlima Ngualla, eti tuziyeyushe kwa mkaa tuyatoe. Nimsikilize nani?
Fundi wa Mwanjelwa

JIBU: Marahaba, fundi. Jirani yako kapatia kwenye madini, kwenye mkaa kapotea.

Anza kwa kuchambua hiyo ndoo, kama utafaulu kuzibandua, maana najua zimeng'ang'aniana. Zile nyeusi nene za sabufa na redio za zamani ni feraiti, yaani oksidi ya chuma iliyochanganywa na bariamu au strontiamu. Hazina neodimiamu, mojawapo ya hayo madini adimu, hata chembe. Weka kando. Zinazong'aa kama kijiko kipya, zilizopakwa nikeli, za umbo la mwezi mchanga kwenye hadi diski (kile kitunza kumbukumbu cha kompyuta), ndizo zenyewe. Zilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa wa Japani, na kampuni ya General Motors ya Marekani nayo ikazifikia kwa njia yake. Karibu theluthi mbili ni chuma, boroni ni kama asilimia 1, na asilimia 30 hivi ni neodimiamu na ndugu zake. Jiwe la Ngualla, kule mkoani Songwe, kwa wastani halifiki hata asilimia 5 ya madini hayo. Kwa hiyo ndoo yako ni tajiri kuliko mlima, ila ni ndoo moja tu!

Mnunuzi wa skrepa hakudhulumu. Kwenye tanuri la chuma neodimiamu hushikana na oksijeni na kuishia kwenye mavi ya chuma, yanayotupwa. Mkaa wenu utafanya hivyohivyo: sumaku itapoteza nguvu zake kabla haijafika nyuzi 320, na hamtapata chochote cha kuuza. Msizisage wala kuzitoboa. Unga wake hushika moto wenyewe. Kuyatoa madini kwa tindikali nako ni kazi ya kiwanda, si ya kibanda.

Wanaojua kuzirejesha hawaziyeyushi. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walibuni njia ya kuzifungia kwenye gesi ya haidrojeni. Sumaku huinyonya, huvimba na kumomonyoka kuwa unga, ganda la nikeli likachekechwa, kisha unga hushindiliwa na kuokwa kuwa sumaku mpya. Mitambo ya namna hiyo bado ni michache duniani, na madini haya yanayorejeshwa kutoka vifaa vilivyokwisha ni kidogo mno. China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa ya madini haya, na mwaka 2025 ilipobana mauzo ya baadhi yake, viwanda vya magari vya nje vilihaha.

Sasa wewe ufanye nini? Usipige nyundo. Lile bamba la chuma ambalo sumaku imegandishwa, libane kwenye jiliwa, likunje kwa koleo, sumaku itabanduka nzima. Hizo za hadi diski zitakufaa kushikia bisibisi na kuokotea skrubu. Kuzitengenezea jenereta ya upepo sikushauri, kwa sababu kila uso wa sumaku hizi una ncha mbili na umbo limepinda.

Mali ya kweli kwa fundi ni mota za pikipiki za umeme. Ikiungua, mara nyingi kilichoungua ni waya. Sumaku zilizopangwa kwenye duara bado nzima. Usiifumue uuze vipande. Isuke upya, utalipwa fedha ya mota. Hapo hakuna kiwanda cha Uingereza kitakachokushinda.

Na ndoo iwe mbali na watoto. Wakimeza mbili, huvutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo. Ikitokea, wakimbizwe hospitali siku hiyohiyo, msisubiri zitoke.