Kaka anatoka jela, na mama hataki naloksoni nyumbani

SWALI: Shikamoo, mfamasia. Kaka yangu alikuwa akijidunga unga kabla hajafungwa, na wiki ijayo anatoka. Nimesikia kuna sindano ya naloksoni inayomwamsha mtu aliyezidiwa na unga. Mama anasema kuiweka ndani ni kumpa ruhusa arudie. Je, nikimdunga kumbe tatizo lilikuwa jingine, si nitamuua? Msomaji, Likoni.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowashika wengi mikono. Hutamuua. Unga ni heroini, nayo hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye vipokezi fulani vya ubongo. Naloksoni huvishika vipokezi hivyo hivyo kwa nguvu zaidi, ikaibandua heroini na kukaa mahali pake. Kama mwilini hamna heroini wala dawa za jamii yake kama mofini, methadoni na tramadoli, haipati cha kubandua. Kama amechanganya na bugizi (vidonge vya kutuliza na kulaza) au pombe, hivyo viwili haivigusi, lakini mdunge tu, kwani athari ya unga itaondoka. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hii iwafikie pia jamaa na marafiki, kwa sababu mtu huzidiwa mbele yao, daktari akiwa mbali.

Umefanya vizuri kuuliza kabla hajatoka. Wiki za kwanza baada ya jela ndizo mbaya kuliko zote. Mwili uliokaa miezi bila unga umepoteza mazoea, na yeye akilini bado anakumbuka kipimo chake cha zamani. Akikirudia, pumzi inakatika. Ni vivyo hivyo kwa aliyetoka kituo cha kuachishia dawa.

Unga huua kwa kuzima pumzi, basi tazama pumzi kwanza. Unamwita haitiki, unamsugua mfupa wa kifua kwa ngumi hashtuki, anavuta pumzi moja moja au anakoroma kwa kukwaruza. Mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya pini. Kwa ngozi zetu usingoje uso ubadilike rangi, angalia midomo, ufizi na kucha. Maskani watasema "kalewa, mwache alale", au watammwagia maji, watamnywesha maziwa, watamdunga maji ya chumvi. Hayo yote yanakula dakika, na maziwa yanaweza kumkaba.

Mtume mtu atafute gari. Wewe mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5. Kichupa cha kawaida kina miligramu 0.4 ndani ya mililita 1. Vuta yote, dunga msuli wa paja upande wa nje, hata juu ya suruali, kisha rudi kwenye kupulizia. Zikipita dakika 2 au 3 bado hapumui, dunga cha pili. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu.

Kosa ninalolisikia sana liko hapa: ameamka, watu wameshukuru Mungu, wakaondoka. Naloksoni hukaa mwilini dakika 30 hadi 90 tu. Unga unaweza kuishinda muda, na methadoni hukaa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo anaweza kuzama tena akiwa peke yake. Mpeleke hospitali, na usimwache akimbilie kete nyingine ya unga. Atataka, kwa sababu ataamka na arosto kali, yale mateso ya kukosa unga, amekasirika, pengine anakutukana.

Na hapo ndipo jibu la mama lilipo. Naloksoni haina raha yoyote. Anayejidunga huiogopa, kwa sababu inamtia arosto ndani ya dakika chache. Haiwezi kuwa kishawishi. Mwambie mama kwamba anayetundika chandarua hajawaalika mbu.

Kuipata ndiyo kazi. Marekani waliruhusu ile ya kupuliza puani iuzwe bila cheti mwezi Machi 2023. Kwetu Kenya ni dawa ya cheti, na famasi nyingi za mtaani hazina. Usianze kuzunguka madukani, anza kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtumiaji badala ya unga chini ya uangalizi. Huduma hiyo ilianza nchini Desemba 2014 pale hospitali ya Mathari, Nairobi, ikafika Pwani mwaka uliofuata, na Kisauni wapo. Waulize kuhusu naloksoni na jinsi ya kuidunga, na papo hapo uliza kaka aandikishwe vipi, kwani methadoni ndiyo itakayomweka mbali na kete siku kwa siku.

Ukiangaliwa vibaya na mwenye duka, pole, nami niliwahi kuwa mwenye duka huyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimkatalia kijana sindano mpya kwa sababu nilimwona "teja". Alitoka kimya, na hakurudi tena. Mtu tunayemfukuza hivyo huenda kujidunga chooni au kwenye magofu, peke yake, na hakuna naloksoni ya kujidunga ukiwa umeshazimika.

Kwa hiyo kaka naye aijue. Mwonyeshe kisanduku kilipo, mwombe asijidunge mlango ukiwa umefungwa. Kiweke mbali na jua na joto, pamoja na sindano zake, angalia tarehe ya kuisha, wala usikifungie kabatini kwa ufunguo. Na mfundishe mama kuvunja kile kichupa, maana huenda siku hiyo wewe uko ng'ambo ya feri.