Vitu vya mama tuviuze?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mama alitutoka mwaka jana, na nyumba aliyopanga hapa Magomeni tunairudisha mwisho wa mwezi. Wadogo zangu wanataka Jumamosi tupange vitu vyote barazani tuviuze. Nikishika kanga zake mikono inaisha nguvu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Makochi, friji na vitanda uzeni. Cherehani msimpe mtu wa vyuma chakavu, maana yeye atawapimia kwa kilo, na cherehani inayoshona si chuma! Muiteni fundi aitie mafuta, mnunuzi aione ikishona.

Kanga zitoeni kabla hamjaweka chochote barazani. Kaeni mkekani, msome majina yake moja moja, kila mtoto achague doti yake. Mama wadogo na majirani waliomuuguza nao wapate. Ya mama yangu ninayo hadi leo, pindo limechanika, na ndiyo niliyompokelea mjukuu wangu wa kwanza. Mnachokigombania kisiuzwe Jumamosi hiyo. Zitakazobaki zikunje, tia kwenye begi, uhame nazo.