Wasomaji Wanauliza: Samaki pundamilia na maradhi ya akili

SUALI: Assalaam aleikum. Nasomesha baiolojia skuli ya sekondari, Chake Chake. Wanafunzi wamesikia kuwa samaki pundamilia, yule mdogo wa mistari (zebrafish), hutumika kuchunguza msongo na maradhi ya akili. Wananiuliza: samaki ana akili gani hata augue? Na kuna jaribio tunaloweza kulifanya wenyewe?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Wanafunzi wako wameuliza vizuri. Samaki haambiwi ana wazimu, wala hakuna kipimo cha kujua kama anasikia sauti zisizokuwepo. Kinachopimwa ni ubongo wake unavyojengeka, na mwili na mwenendo wake unavyobadilika anapotishika. Hapo anatukaribia sana: homoni yake kuu ya msongo ni kotisoli, kama yetu, ilhali panya wa maabara hutegemea zaidi kotikosteroni. Jeni zetu zipatazo asilimia 70 zina mwenzake kwake.

Sifa yake kubwa ni kuwa yai na kifaranga hupenywa na mwanga. Maji yakiwa nyuzi 28.5, moyo unapiga ndani ya saa 24, kifaranga huangua siku ya pili au ya tatu, na kufikia siku ya tano anaogelea akitafuta chakula. Ubongo unauona ukikua kwa hadubini bila kumpasua. Rangi ya ngozi ndiyo inayoziba, kwa hiyo watafiti hutia dawa iitwayo PTU, asilimia 0.003, kabla ya saa 24 kutimia. Kifaranga ana seli za neva kama 100,000 tu. Mwaka 2013 Misha Ahrens na wenzake, Marekani, walirekodi zaidi ya asilimia 80 ya seli hizo zikifanya kazi, moja moja.

Mfano mmoja unaofaa darasani: kuna samaki ambao jeni ya kipokezi cha kotisoli imeharibika. Mwili hausikii kuwa homoni imetosha, basi inaendelea kumwagwa. Samaki hao wakitiwa peke yao kwenye hodhi geni huganda badala ya kutembea. Walipopewa fluoksetini, dawa ya wagonjwa wa sonona, walianza tena kutembea.

Jaribio la skuli ni hilo la hodhi geni. Chukua hodhi jembamba la kioo, piga mstari nje katikati ya kimo, mtie samaki mmoja aliyekomaa, mrekodi kwa simu dakika 6. Andika alichukua sekunde ngapi kuvuka mstari kwenda juu, alikaa juu muda gani, na aliganda mara ngapi. Aliye mzima huanza chini, kisha hupanda kidogo kidogo.

Wengi huharibikiwa kabla hata saa haijaanza. Samaki aliyefukuzwa na wavu kwa muda mrefu ameshatishika, hapo unapima wavu. Ngozi ikichubuka hutoa majini kemikali ya kuonya wenzake kuwa kuna hatari na samaki anayefuata ataganda bure, kwa hiyo badilisha maji kila baada ya samaki. Wapime wote saa ile ile, watu wasimame mbali, na maji yawe ya chanzo kimoja na joto moja na ya hodhi wanamoishi. Ya bomba yenye klorini huunguza mashavu: yatie hewa kwa pampu siku nzima kwanza. Visima vya karibu na pwani vionjwe chumvi. Kaskazi, chumba cha bati hupita nyuzi 30, basi fanyeni asubuhi. Umeme ukikatika pampu husimama, kwa hiyo msiwajaze.

Msiwape vidonge vya binadamu, na msiwamwage mtoni wala bwawani Pemba. Si samaki wa huku, asili yao ni Asia ya Kusini.

SUALI: Ndugu yangu anatumia dawa ya sonona. Je, asubiri dawa mpya zinazotokana na samaki hawa? (Msomaji, Mwera)

JIBU: Asisubiri. Samaki husaidia kuchuja kemikali nyingi kwa haraka ili kupata zinazoweza kuwa dawa, lakini hana gamba la ubongo lenye tabaka kama letu, na iliyomtuliza yeye lazima ijaribiwe kwa panya kisha kwa watu, kazi ya miaka. Dawa anayotumia huchukua wiki kadhaa kuonesha nafuu, na kuikata ghafla huleta kizunguzungu na kukosa usingizi. Ikimsumbua, aende hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu na vidonge vyake mkononi, daktari ambadilishie kipimo.